Sikukuu Iliyozaliwa Mstarini

Ruthu Ndahani alikuwa na msemo wake, na aliupenda kuliko hata jina lake la ubatizo: "Utani wangu haujawahi kumdhuru hata sisimizi." Aliutamka ameshika kiuno, kidevu juu, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Na kwa kweli, hadi Jumatatu ile ya mwezi Mei, hakuna sisimizi hata mmoja wa Ihumwa, nje kidogo ya mji wa Dodoma, aliyekuwa amekwenda kumshtaki kwa Mwalimu Mkuu.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita, katika shule ya msingi isiyo mbali na reli. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wanafunzi walikuwa wameshafika, mkono mmoja fagio, mkono wa pili dumu la maji. Walifagia, walimwagilia miche, kisha ringi ya gari iliyoning'inizwa mtini ikagongwa na wote wakakimbilia mstarini. Wimbo wa Taifa, ukaguzi wa kucha, halafu, kila Jumatatu, taarifa ya habari. Mwanafunzi mmoja alipanda ngazi ya ofisi na kuwasomea wenzake habari alizopewa na mwalimu. Kwa mwaka wa pili mfululizo msomaji alikuwa Ruthu, kwa sababu sauti yake iliwafikia hata akina mama wauza maandazi nje ya geti.

Wiki hiyo mwalimu wa zamu alikuwa Mwalimu Abubakari, Mnyamwezi wa Tabora. Ruthu alikuwa Mgogo, na Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipopita Ugogoni wakibeba mizigo. Kwa hiyo mbele ya mwalimu huyo tu, ulimi wa Ruthu ulikuwa na leseni.

"Shikamoo mwalimu. Leo unabeba mzigo gani?"

"Marahaba, mla mlenda. Nimebeba daftari la wachelewaji, na jina lako ndilo linalonivunja mgongo."

Karatasi ya habari Ruthu alikabidhiwa tangu Ijumaa na Mwalimu Hilda, wa somo la Uraia na Maadili, ambaye Jumatatu hiyo alikuwa mjini kwenye semina. Ilikuwa na habari tatu kuhusu sikukuu za katiba, mambo ambayo watu wengi hawayajui. "Soma kama ilivyo," Mwalimu Hilda alimwonya. "Usiongeze chumvi."

"Mimi, mwalimu? Chumvi yenyewe nyumbani imekwisha."

Sasa Ruthu akapanda ngazi, akakohoa kama mkuu wa wilaya, akasoma. "Habari ya kwanza. Nchini Norwei, Siku ya Katiba ni tarehe kumi na saba Mei. Wanakumbuka katiba yao ya mwaka elfu moja mia nane na kumi na nne. Siku hiyo gwaride kubwa si la wanajeshi. Wanaoandamana barabarani na bendera ni watoto wa shule, na ni desturi watoto kula aiskrimu nyingi wapendavyo."

"Kamba hiyo!" darasa la saba wakapiga kelele. "Gwaride bila askari? Aiskrimu bila kikomo? Shuka, Ruthu!"

Ruthu akameza mate. Habari ilikuwa ya kweli tupu, na wanaicheka! Akasoma ya pili, kwamba nakala ya awali ya Katiba ya India iliandikwa kwa mkono, neno kwa neno, kwa wino. Mtu mmoja akapiga miayo, na miayo huambukiza. Mstari mzima wa darasa la tano ukafunua midomo kama vifaranga.

Akaitupia jicho habari ya tatu. Ilisema kwamba Tanzania haina sikukuu ya peke yake ya katiba, na kwamba wachache wanajua kuwa Katiba yetu ilianza kutumika tarehe ishirini na sita Aprili mwaka elfu moja mia tisa sabini na saba, tarehe ileile tunayosherehekea Muungano. Ruthu aliiona habari hiyo kavu kama mto wa Dodoma mwezi wa kumi. Akaikunja karatasi.

"Habari ya tatu na ya mwisho," akatangaza. "Jumatano hii, hapa kwetu, ni Siku ya Katiba ya Watoto. Hakuna shule! Mwanafunzi yeyote atakayefika geti la Bunge akiwa na sare safi atapewa soda na keki, kisha atazungushwa mara tatu kwenye kiti cha Spika. Walimu wa kutoka Tabora nao wataruhusiwa kuingia, mradi wabebe mabegi ya wabunge."

Uwanja ukalipuka. Mwalimu Abubakari alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi. "Mtani kanipata! Leo kanipata! Haya, madarasani, kila mtu!" Kwa mwalimu yule habari nzima ilikuwa kombora la mtani, limerushwa na limempata. Hakuona cha kusahihisha. Wakubwa walicheka kwa sababu walijua. Wadogo walicheka kwa sababu wakubwa walicheka, kisha wakaingia darasani wakinong'onezana kuhusu keki.

Jumatano asubuhi Ruthu alitoka nyumbani peke yake. Mdogo wake Kefa, wa darasa la kwanza, alikuwa ametangulia. Alimwambia mama kwamba ana zamu ya kufagia. Ruthu alishangaa kidogo, maana Kefa na fagio hawakuwa marafiki, ila hakuuliza.

Karibu na reli ya zamani akakutana na watoto watatu wa shuleni kwao. Yusra wa darasa la pili alikuwa mbele, nyuma yake Salma na Obedi. Walikuwa wameng'arishwa kwa mafuta hata inzi angeteleza. Mwingine wa nne alikuwa ameinama nyuma ya rundo la mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli, kama mtu anayefunga kamba za viatu. Ruthu hakumtazama mara mbili.

"Shikamoo dada Ruthu."

"Marahaba. Mbona mnameta hivyo, mnakwenda kuposwa?"

"Tunakwenda Bungeni," akajibu Yusra. "Njia ni ipi?"

Ruthu akacheka kwa furaha. Kumbe hata vitoto vya darasa la pili vimejifunza kumrudishia utani! Akaona si vizuri kuwaharibia mchezo. "Fuateni reli, msikate kulia wala kushoto. Mkiona jengo la mviringo kama msonge, mmefika. Mnisalimie Spika."

"Haya, dada."

Akaenda zake akipiga mluzi, dumu likimgonga gonga pajani.

Saa tatu, darasa la sita wakiwa katikati ya hesabu za sehemu, mlango ukafunguliwa. Mwalimu Hilda alisimama pale, na uso wake ulimfanya kila mtu aweke kalamu chini.

"Ruthu. Ofisini."

Ofisini alikuwapo Mwalimu Mkuu, Mwalimu Bartolomayo, mtu mrefu asiyepandisha sauti. Mwalimu Abubakari alisimama dirishani. Kwenye kiti alikaa mama yake Obedi, kitenge kimefungwa upandeupande.

"Mama Obedi amekuja kuuliza swali," alisema Mwalimu Mkuu. "Anauliza gari la Bunge litawarudisha watoto saa ngapi."



"Mtoto kaniambia imetangazwa shuleni," alisema mama Obedi, akiwatazama mmoja mmoja. "Imesomwa mstarini, kwenye taarifa ya habari. Sasa mimi nani wa kubisha? Nikampiga pasi shati, nikampaka mafuta. Walimu, semeni basi! Watoto wako wapi?"

"Tumehesabu," akasema Mwalimu Hilda. "Hawapo wanne. Yusra, Salma, Obedi." Akasita. "Na Kefa."

"Kefa gani?" Ruthu aliuliza, ingawa shule nzima ilikuwa na Kefa mmoja tu.

"Wa kwenu."

Mtoto aliyeinama nyuma ya mataruma. Hakuwa akifunga kamba za viatu. Alikuwa akijificha dada yake asimwone akamrudisha. Ofisi ikamzunguka Ruthu, ikazunguka mara tatu kamili, na hapakuwa na kiti cha kukalia.

"Sikiliza," alisema Mwalimu Mkuu. "Bunge liko mbali sana kwa miguu ya watoto hawa. Kuna barabara kuu ina malori, kuna njia za panya, kuna reli. Umewaona asubuhi? Unajua wamepita wapi?"

Hapo ndipo Ruthu alipaswa kufungua kinywa. Ulimi uliokuwa na jibu kwa kila mtu, hata kwa mbuzi wa jirani, ulilala chini kama nguo iliyoloa. Akisema amewaona, ataulizwa aliwaambia nini. Akisema aliwaambia nini, mama Obedi yupo palepale, na kitenge chake.

"Sijui, mwalimu."

"Basi tunaanza na barabara kuu." Mwalimu Mkuu akachukua funguo. Yeye na mama Obedi wakapanda bajaji iliyokuwa getini, wakaondoka kwa vumbi kuelekea siko. Mwalimu Hilda akabaki akipiga simu kwa mwenyekiti wa mtaa, akakosea namba, akaanza upya.

Ndipo honi ya treni ikasikika. Ilikuwa ndefu, ikitoka upande wa mashariki, na inaelekea mjini.

"Mwalimu," Ruthu alimshika Mwalimu Abubakari mkono wa shati. "Mwalimu, nadhani wamefuata reli."

"Unadhani, au unajua?"

"Nadhani."

Mwalimu hakuuliza tena. Alimsimamisha bodaboda wa kwanza aliyemwona, wakapakiana watatu, wakashika kijia kinachokwenda sambamba na reli. Ruthu alikuwa katikati, uso umebanwa mgongoni kwa dereva. Treni ya mizigo ikawapita kwa kishindo, behewa baada ya behewa, mengi mpaka Ruthu akadhani hayataisha. Alitamani yaishe na alitamani yasiishe, kwa sababu yakiisha ataona kilichobaki nyuma yake.

Yakaisha. Mbele palikuwa na daraja fupi la chuma juu ya korongo la mchanga. Dereva akafunga breki. Katikati ya daraja, juu ya taruma, palikuwa na kiatu.

Ruthu alishuka kabla pikipiki haijasimama. Kilikuwa kiatu kidogo cheusi cha shule, kimekatwa katikati kama mkate. Upande uliobaki mzima ulikuwa na kamba ya katani badala ya kamba ya kiatu. Kamba hiyo aliifunga Ruthu mwenyewe Jumapili jioni, na akamtania Kefa kwamba sasa ana kiatu cha mbunge.

Akakiokota na kukibana kifuani. 

"Ninyi wa juu huko!" mtu akaita kutoka chini ya daraja. "Tokeni relini! Hamna akili? Au na ninyi mnakwenda kula keki?"

Korongoni, kwenye kivuli cha daraja, walikaa watoto wanne juu ya mchanga. Yusra alikuwa amechubuka goti. Salma alikuwa akilia bila machozi, kama mtu aliyeyamaliza. Obedi alishika kikombe cha maji kwa mikono miwili. Kefa alikuwa na kiatu kimoja na mguu mmoja mtupu, hana hata mkwaruzo. Mbele yao alisimama mzee mwenye ovaroli la rangi ya chungwa, spana ndefu begani na bendera nyekundu kiunoni. Aliitwa mzee Rajabu, na kazi yake ilikuwa kutembea juu ya reli kila siku akikaza nati zilizolegea.

"Shikamoo babu," Mwalimu Abubakari alisema, akihema.

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wao? Hongera, nimewaona wanafunzi wako." Mzee alinyoosha mkono wake wa kulia. Ulikuwa bado unatetemeka, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Nimewakuta katikati ya daraja. Hawa watatu walikimbia nilipopiga filimbi. Huyu mdogo kiatu kimenasa kwenye mataruma, na hataki kukiacha. Treni ile pale! Anavuta kiatu, namvuta yeye. Nimeshinda mimi. Lakini kwa kidogo, mwalimu. Kwa kidogo sana."



"Nikawauliza, nani kawatuma huku? Wakanijibu kwa pamoja." Mzee alitikisa kichwa. "Taarifa ya habari. Miaka thelathini natembea reli hii, sijapata kumwona mtu aliyetumwa na taarifa ya habari."

Kefa alimwona dada yake, akasimama kwa mguu wake wenye kiatu. Alianza kujitetea haraka haraka. "Dada, hatujafika bado. Usiseme kwa mama kuhusu kiatu. Nimechukua mfuko, ona, ili nikuletee keki yako." Akaukunjua mfuko wa plastiki uliokuwa mfukoni, mtupu, umekunjwa vizuri mara nne.

Ruthu akakaa mchangani pale alipokuwa. Alimvuta mdogo wake akamkumbatia, akalia mpaka shati la Kefa lililopakwa mafuta kwenye kola likaloa.

Mwalimu Abubakari alipiga simu shuleni kwanza. Kisha akachuchumaa karibu yao. Hakukuwa na chembe ya utani usoni mwake, na hilo lilimtisha Ruthu kuliko kelele. "Na mimi nilicheka," alisema. "Nilikuwa mwalimu wa zamu, nikacheka, nikawaruhusu waingie darasani na uongo vichwani. Hilo nitalijibu mimi. Lakini nisikilize, mtani. Mimi na wewe tukitaniana ni kama watu wanaovutana kamba. Kila mmoja ameshika ncha yake, anajua mwenzake anavuta. Mtoto wa darasa la kwanza hajashika ncha yoyote. Ukivuta, anaanguka. Tena ulivuta ukiwa umesimama mahali pa kusomea habari, ambapo watu wote wameahidiwa ukweli."

"Sitarudia, mwalimu."

"Kuna kingine unataka kuniambia?"

Ruthu alitazama mchanga. "Hapana, mwalimu."

Alhamisi asubuhi ringi ikagongwa mapema. Mama Obedi alikuja, na mzee Rajabu alikuja na ovaroli lake, na wazazi wengine walisimama kando ya miche. Mwalimu Hilda alipanda ngazi na kuisoma mwenyewe habari ya tatu, ile kavu, kwamba Tanzania haina sikukuu ya peke yake ya katiba. Safari hii hakuna aliyepiga miayo. "Habari hii ingesomwa Jumatatu," alisema, "hata wa darasa la kwanza angejua kwamba Jumatano si sikukuu yoyote. Ilikuwapo kwenye karatasi. Iliachwa kwa kuwa haikuchekesha."

Kisha Mwalimu Mkuu akamwita Ruthu. "Shule nzima imesikia vipande vipande, na kila mtu ana kipande chake. Tueleze wewe, tangu mwanzo. Ukimaliza, tutafunga jambo hili."

Ruthu alipanda. Mwanzoni sauti haikufika hata darasa la nne. Aliomba radhi kwa wazazi. Aliomba radhi kwa Mwalimu Abubakari. Alikiri kwamba Siku ya Katiba ya Watoto aliitunga yeye, na keki, na soda, na kiti. Akasimulia honi ya treni, na daraja, na kiatu, na watu wakashika midomo. Na kadiri walivyoshika midomo, ndivyo sauti yake ilivyopata nguvu. Ulimi ule, uliokuwa umelala tangu jana, ukaamka, ukajinyoosha.

"Niliposikia wamepotea," alisema, sasa akisikika hadi kwa wauza maandazi, "walimu walikuwa wanaelekea barabara kuu. Lakini mimi moyo ukaniambia: reli! Sijui kwa nini. Nilihisi tu. Palepale nikamwambia Mwalimu Abubakari, tukawahi."

Mama mmoja kando ya miche akasema, "Mungu mkubwa." Mtu akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, na hata darasa la saba wakapiga. Ruthu alianza kushuka ngazi.

Mstari wa mbele mkono mdogo ulikuwa juu. Ulikuwa juu kwa muda mrefu, umeshikiliwa kwenye kiwiko na mkono wa pili usichoke.

"Ndiyo, Yusra," alisema Mwalimu Mkuu.

"Dada Ruthu amesahau kidogo," alisema Yusra. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasaidia. "Hakuhisi. Tulikutana naye asubuhi kwenye mataruma, tukamuuliza njia. Ni yeye aliyetuambia tufuate reli, tusikate kulia wala kushoto. Akasema tumsalimie Spika."

Makofi yakakatika kama yamekatwa kwa panga. Mama Obedi aliachia kitenge chake kikaanguka kutoka begani. Mzee Rajabu aligeuka taratibu, akamtazama Ruthu, na mkono wake wa kulia akauficha mfukoni. Mwalimu Abubakari alivua miwani, na wala hakuwa na cha kufuta.

Mwalimu Mkuu akasogea mbele hadi chini ya ngazi. Hakupandisha sauti.

"Jumatatu uliruka kipande cha habari kwa sababu hakikuchekesha. Jana uliruka kipande kwa sababu uliogopa, na sisi tukaenda kutafuta barabarani wakati treni inakuja. Leo umeruka tena, kwa sababu makofi ni matamu. Wanangu wote, sikieni. Ukweli uliopunguzwa kipande, hicho kipande kilichobaki nje ndicho huwa na mtoto juu yake, kama lile daraja." Akamwonyesha ngazi kwa kidole. "Panda, Ruthu. Anza upya. Yusra, njoo usimame hapa karibu naye."

Yusra akatoka mstarini, akachechemea na goti lake hadi kwenye ngazi, akasimama, akainua uso na kumtazama Ruthu mdomoni.